Siku Nilipoziba Falaji la Ibra

Mwenyekiti wa kamati ya baladia, yaani manispaa yetu, alirudi kwake siku ile miguu mitupu, kanzu yake nyeupe imelowa mpaka magotini, na aliyemfikisha hapo haikuwa mvua wala hasidi, ni mimi, mwandishi wa habari wa miaka yote hii, ambaye kazi yangu ni kuandika aibu za watu, si kuzitengeneza. Naisema mapema kabisa ili asije mtu akanisimulia mkasa wangu mwenyewe kama ananipa habari (maana umeshafika Sur, shangazi yangu wa Aija, huko huko Sur, alinipigia simu kabla nguo zangu hazijakauka, akaniuliza kama ni kweli nimezamisha serikali). Sikuzamisha serikali. Nilizamisha viatu tu, na kimoja katika hivyo ndicho kinachonikosesha raha mpaka sasa hivi, lakini hicho tutakifikia.

Nirudi nyuma kidogo. Pale Ibra, bara ya Oman, ukingoni mwa bustani za mitende, lipo jengo la zege refu lisilo na ghorofa, limelala chini chini, na madirisha yake ni membamba kama mtu aliyekunja macho kwa jua. Sisi tunaliita Ukumbi wa Kusoma. Lilijengwa zile siku nchi inaanza kufunguka, watu wazima wakawa wanakwenda pale jioni kufundishwa herufi, na mmoja wao alikuwa mama yangu. Tulikuwa tumerudi kutoka Tabora, mie mdogo, yeye Kiarabu hajui hata cha kuombea chumvi, majirani wakimcheka, na mama (mtoto wa mjini Unguja huyo, hapendi kuchekwa) akaingia ukumbini na abaya yake akakaa kitako mbele kabisa, na mwaka haujesha akawa anawasomea gazeti wale wale waliomcheka. Kwa hiyo kwetu sisi lile si jengo tu.

Aliyelichora ni Mwingereza, Raymond Ostley, ambaye watu wa Ibra walimwita Remondi, na sasa ni mzee wa zaidi ya miaka themanini. Baladia inataka mahali pale pawe pa kuegesha magari. Ikaundwa kamati, kamati ikaandika kasoro: zege limechoka, rafu za vitabu zimeanzia juu magotini, nafasi ya chini imepotea bure, na kubwa kuliko zote, sakafu imelala upande na ukuta wa nyuma una mianya mirefu chini yake, mijusi inaingia. Mzee aliposikia, akapanda ndege kwa nauli yake mwenyewe. Mwenyekiti wa kamati, Mhandisi Hilal, kijana aliyenyooka kama rula, akakubali kuja alasiri moja na wenzake waone na wasikilize. Na wa kuzungumza, kuwaeleza watu Remondi ni nani na maisha yake yamepita vipi, nikachaguliwa mimi, kwa kuwa nimeandika sana juu ya majumba ya zamani na nina sifa ya kupanga mambo yangu vizuri. Hiyo sifa muikumbuke.

Nilimfuata Remondi Nizwa, alikofikia. Alitaka kwanza aione nyumba ya wageni aliyoijenga huko ujanani, nikampeleka, na kumbe hapana nyumba ya wageni, pana maduka. Akasimama mbele ya duka moja la simu, mikono nyuma, akatazama ndani kwa muda, mwenye duka akadhani anataka chaja. Akaniambia kwa Kiingereza chake cha taratibu, "Ngazi ilikuwa pale penye friji ya soda." Akanunua soda, tukaondoka. Shule yake ya Sur nayo ilishavunjwa, barabara imepita juu yake, na shangazi alinitumia picha ya mahali pale nikamwonesha. Akasema, "Barabara nzuri." Basi mnaona wenyewe. Huu ukumbi wa Ibra ndio uliobaki, katika nchi nzima, wa mkono wake.

Tulisimama Izki kunywa chai ya maziwa kwenye kibanda, yeye hakushuka, vikombe vikaletwa garini, na hapo ndipo alipofunguka. Nilikuwa nimeshamsoma kila palipoandikwa habari zake, nikidhani nakwenda kuhakikisha tu, lakini mtu akiwa na kikombe mkononi hasemi yale yaliyoandikwa. Alizaliwa mji mmoja wa bandari, kaskazini ya Uingereza, mji wa baridi na mvua za kila siku, baba yake fundi bomba. Alipokuwa mtoto alimbebea baba yake mfuko wa spana, na kila wakiingia nyumba ya mtu, baba anamwuliza swali moja tu: maji yakiingia humu, yatatokea wapi? Akasoma, akafika London, akaingia ofisi kubwa ambako kwa muda mrefu hakuchora kitu ila ngazi. Ndio zama zile Uingereza inajenga majumba ya zege kwa ajili ya wafanyakazi. Akapewa moja lake mwenyewe, jumba refu, magazeti yakalisifu. Alimpelekea baba yake ile michoro, mzee akaitazama akauliza swali lake lile lile, na kijana akacheka.

"Na jumba likavuja," nikasema, maana hilo nililisoma.

"Likavuja kama kikapu," akasema. "Wanawake walinisimamisha barabarani, na watoto wao wanakohoa." Akanywa chai. "Ikatokea kazi huku kwenu. Nikauliza, mvua inanyesha? Wakaniambia kwa nadra. Nikasaini."

Baadaye alirudi kwao, akajenga maktaba moja ndogo iliyompatia nishani, nishani kubwa ya wasanifu majengo, akaenda kuipokea na viatu vile vile alivyokuwa amevaa garini kwangu, viatu vya ngozi ya kahawia, vimebadilishwa soli mara nyingi hata yeye amesahau. Lile jumba refu likaja kulipuliwa kwa baruti, watu wakikusanyika kutazama na kupiga makofi, na yeye akiwa kati yao, hakuna aliyemjua. Alinihadithia haya yote mpaka tulipoipita Samad Ash Shan, kisha akalala, kichwa kwenye kioo, viatu vimepangwa sawasawa kama askari.

Sasa mie na mipango yangu. Tulifika kwa mama, mgeni akapelekwa kunawa, nami nikakaa kuisawazisha hotuba. Mama akawa anapanga vikombe vya kahawa vya kwenda navyo ukumbini.

"Baba yake alikuwa akifanya kazi gani?" akaniuliza.

"Fundi bomba."

"Basi sema hivo hivo."

"Mama, mbele ya masheikh?"

"Kwani masheikh hawana mabomba?"

Nikamwona hajui mambo. Huku kwetu mtu akisimuliwa lazima aanze na ukoo, fulani bin fulani wa kabila fulani, na mie nilitaka Remondi aingie ukumbini na heshima yake. Nikafuta fundi bomba, nikaandika kwamba ametoka katika ukoo wa wahandisi. Lile swali la maji nikalifuta pia, nikaliona dogo, la jikoni. Na kuhusu sakafu nikaamua kuwa mwerevu: badala ya kungoja Mhandisi Hilal aipige, niiombee radhi mimi mwenyewe, ya ujana, yamekwisha. (Mzee alikuwa chumba cha pili, anajifuta uso. Hatua chache tu ningemwuliza. Sikumwuliza. Miaka yote kazi yangu ni kuuliza.)

Tulifika ukumbini mapema, mama akaingia upande wa wanawake na birika zake, nami nikabaki nje na Remondi. Pale mbele ya baraza ya ukumbi unapita mfereji wa falaji, na kwa wasiojua, falaji ndilo linalotuweka hai bara huku, maji yanatoka mlimani chini kwa chini, yanapita mjini katika mifereji, na kila bustani ina zamu yake, na zamu ni mali ya mtu kama nyumba yake. Anayesimamia zamu anaitwa arifu. Mtoto wa Ibra anajua hayo kabla hajajua kufunga kitufe.

Remondi alikuwa amevua viatu akaingia ndani, kisha akatoka tena barazani na soksi, akasimama kulitazama jengo lake na maji mbele yake. Na mie mwandishi nikaiona picha. Mzee, ukumbi wake nyuma, na ukumbi mwingine kichwa chini ndani ya maji. Ila maji yalikuwa yanakwenda, machache lakini mbio mbio, kivuli kinakatikakatika. Nikafikiri, yakisimama kidogo tu. Dakika hivi.

Hilo ndilo jambo lenyewe. Hakuna jingine.

Chini kidogo ya baraza mfereji unaingia tundu la pembeni, unapita chini ya barabara kwenda bustani za chini. Kuna jiwe bapa pale la kuzibia. Nikaliteremsha, na kwa kuwa lilikuwa linapitisha maji ubavuni, nikakimbilia gari nikachukua blanketi la mama la siti ya nyuma (lile blanketi zito lenye picha ya chui, mnalijua, kila nyumba ya Oman inalo), nikalisokomeza vizuri vizuri. Maji yakapunguza mwendo, yakasimama, yakawa kioo. Nikapiga. Wallahi sijapata kupiga picha kama ile, na sidhani nitapiga tena. Mzee anacheka kidogo, soksi zake, ukumbi juu, ukumbi chini, na kwenye ngazi ya baraza viatu vyake vya kahawia vimewekwa pamoja. Nikainama kulitoa blanketi, na hapo hapo yakaingia magari ya kamati, kumbe wameswali alasiri msikiti wa jirani na hawakupita kwao. Nikasimama wima. Nikajifuta mikono kwenye abaya. Salamu, karibuni, habari za jioni, wazee wanavua makubadhi barazani mpaka ngazi imejaa, na mimi mbele yao nawaongoza ndani, na blanketi limekwenda kichwani mwangu kama halikuwahi kuwepo.

Ukumbi ulijaa. Kamati mbele kwenye mazulia, wazee wa mji nyuma yao, wanawake upande wa pili na mama katikati yao, na Remondi kwenye kiti karibu na rafu. Mhandisi Hilal akaniambia, "Tafadhali, ustadha," nikaanza kwa Kiarabu changu kizuri cha redioni.

Nikamtoa katika ukoo wa wahandisi. Vichwa vikatikisika. Nikampitisha London, nikampitisha Nizwa na Sur, nikawafikisha Ibra. Nikasema, sote tunajua kwamba sakafu hii imepinda, na mianya ile pale chini ya ukuta haipendezi, lakini yalikuwa makosa ya kijana na naamini mwenyewe anayajutia. Hilal akaandika. Remondi hakufahamu Kiarabu changu, akanitolea tabasamu, nami nikaona mambo yanakwenda.

Huko nje, na haya nimeyajua baadaye, arifu alikuwa amefungulia mkondo mkubwa wa baada ya alasiri, unaokwenda zamu ya bustani za chini, na mkondo mkubwa ukaja na nguvu zake ukakutana na chui.

Nilipofika pale niliposema kwamba Remondi alikuja kwetu kuyakimbia maji ya kwao, watu wakacheka. Nikafurahi, nikarudia. Wakacheka zaidi. Mzee mmoja wa nyuma akainuka, kisha wa pili, wakashika kanzu zao wakazipandisha, nikajua hotuba imewaingia, maana nimewahi kusikia kwamba hotuba ikikolea watu husimama, ila sikupata kuiona, nikapandisha sauti, nikaingia kwenye nishani. Safu nzima ikasimama. Hilal akasimama. Nikainua mkono kama mtu wa bungeni. Na hapo, kutoka upande wa wanawake, katikati ya Kiarabu changu, nikasikia Kiswahili cha Unguja, taratibu, kama anamwambia mtu chumvi imezidi.

"Zuwena mwanangu, hebu nyamaza uangalie chini."

Nikaangalia. Nilikuwa nimesimama ndani ya maji. Zulia limeanza kupumua, linainuka na kushuka, na mlangoni yanaingia mapana, yametulia, hayana haraka, na juu yake kubadhi moja jeusi linakuja kuelekea kwetu kama mgeni aliyechelewa.

Blanketi likanirudia kichwani lote kwa mara moja.

Nilikimbia, katikati ya wazee, nikatoka barazani, na baraza haikuwepo, ilikuwa bwawa, na juu ya bwawa makubadhi ya mji mzima yanazunguka, ya kamati, ya wazee, ya watoto wao, na viatu viwili vya kahawia vimekaa wima vinaelea, heshima zao kamili. Mtu mwenye akili angevikusanya kwanza. Mie nikapita katikati yake mpaka kwenye tundu, nikashika pembe ya blanketi kwa mikono miwili nikavuta kwa nguvu zangu zote, likatoka pamoja na jiwe, na maji yote yaliyokuwa yamejikusanya yakapata njia, na yakaondoka na kila kilichokuwa juu yake. Niliviona vikinipita. Makubadhi yalipita moja moja, mengine mawili mawili, yakaingia chini ya barabara. Kiatu cha kulia cha Remondi kikanikwama mguuni, nikakidaka. Cha kushoto kikanipita kama hakinijui.

Nilipoinua uso, arifu alikuwa amesimama kwenye ukingo wa mfereji. Bwana Nassor, mzee mkavu, sauti yake ya kuitia watu bustanini. Watu wote walikuwa wameshatoka barazani miguu mitupu.

"Nani kaziba falaji?" akauliza.

Hapakuwa na haja ya kuuliza, nilikuwa nimesimama ndani ya mfereji, chui ananing'inia mkononi ananichuruzikia.

"Nilikuwa napiga picha, ami," nikasema.

"Picha."

"Dakika moja tu."

"Unajua zamu hii ya nani?" Nikatikisa kichwa. "Ya msikiti. Maji ya wakfu. Umeyachukua maji ya msikiti ukapigie picha."

Nyie, mie nimetukanwa na mawaziri. Nimefukuzwa mikutanoni. Sijapata kutamani ardhi inimeze kama pale, kwa sababu Ibra unaweza kusamehewa mengi lakini si kuchukua zamu ya mtu, na hii haikuwa hata ya mtu. Mzee mmoja akasema waziwazi, "Hawa waliotoka Afrika hawajui falaji," na mama yangu, ambaye alikuwa ametoka na birika la kahawa mkononi, akamgeukia.

"Nimekusomea barua za mwanao humu ndani miaka mingapi?" akamwambia kwa Kiarabu. Mzee akatazama miti. Kisha mama akamwambia arifu, "Nassor, zamu yetu ni ya kesho. Ipeleke msikitini yote. Na hilo blanketi ni langu, mwambie mtoto alikamue."

Arifu akakubali kwa kichwa. Nikaanza kukamua. Nilikuwa nalia na kukamua, na nilichokuwa nakililia si makubadhi, ni kwamba kamati imekuja kuamua na mimi nimewapa sababu ya kubomoa kesho asubuhi, na yule mzee amevuka dunia nzima kwa nauli yake, na mama yangu ndani ya ukumbi ule alipata kuwa mtu. Ndipo nikasikia kicheko. Ni kicheko cha Mwingereza, kikavu, kinatoka ndani, hakikatiki.

Tukarudi mlangoni kutazama. Remondi alikuwa bado kwenye kiti chake, suruali ameikunja, soksi zimelowa, anacheka mpaka machozi, anaonesha kidole ukuta wa nyuma. Maji yalikuwa yanaondoka. Hakuna aliyeyafagia. Yalikuwa yanateremka yenyewe kwa ile sakafu iliyolala upande, yanakwenda mpaka chini ya ukuta, yanaingia ile mianya ya mijusi, na nje unayasikia yanavyotiririka kwenye michungwa. Tulisimama mlangoni, kamati, wazee, arifu, mie na chui wangu, tukayatazama mpaka sakafu ikaanza kuonekana, ikametameta, kisha ikaanza kukauka. Rafu za vitabu zilizoanzia magotini hazikuguswa. Hakuna kitabu kimoja kilicholowa.

Mhandisi Hilal akaingia peke yake, akapiga goti (kanzu ile), akatia mkono kwenye mwanya mmoja. Akaniambia, "Mwulize."

Nikamwuliza, nimechelewa lakini nikamwuliza. Remondi akajifuta macho. Alisema kwamba walipokuwa wanachimba msingi ilikuja mvua mlimani, falaji likafurika na shimo lote likajaa, mafundi wakasema hutokea, si kila mwaka lakini hutokea. Basi usiku ule akaitupa ile michoro ya kwanza, akachora upya na baba yake yuko kichwani. "Nilijiambia nchi hii haina mvua," akasema, "nikakuta swali lake limenifuata."

"Baba yake ndiye aliyekuwa mhandisi?" Hilal akauliza.

Wote wakanitazama. Mama naye akanitazama, na birika lake.

"Fundi bomba," nikasema.

Hilal akautoa mkono kwenye mwanya. Kisha akasema, "Babu yangu mzaa mama alikuwa anachimba falaji," kwa sauti ya chini, kama siri, na nikajua hata yeye ni mara ya kwanza kuitoa mbele ya watu. Akachukua kalamu. Sikuona alichokata na alichoandika. Alimpa Remondi mkono, mama akampa kahawa, akanywa, akatikisa kikombe kuonesha imemtosha, akaondoka kuelekea gari yake miguu mitupu juu ya changarawe, akinyanyua mguu kwa adabu, na wenzake nyuma yake. Nimeshaomba radhi kwa kila mmoja wao nyumbani kwake, na kila nyumba watoto hujificha nyuma ya mlango kunichungulia.

Siku ya pili watu wa bustani za chini waliyaokota makubadhi yote, moja hapa moja pale, arifu akayapanga msikitini na kila mtu akaenda kuchagua lake. Kiatu cha kushoto cha Remondi hakikuwemo. Nimekitafuta mwenyewe, nimeutembea mfereji mpaka unapoishia majanini, nimeituma ile picha kwenye kundi la simu la wenye zamu, nimekizungushia duara jekundu, kama mtoto aliyepotea. Mzee aliondoka na makubadhi ya sokoni Ibra, visigino vimetokeza nje. Uwanja wa ndege nikamwambia nitakitafuta nikitume. Akasema nisikitume. Ukumbi ukibaki atakuja kukifuata mwenyewe, na ukibomolewa hana haja nacho.

Kwa hiyo nimeapa, na nyie ni mashahidi: mie sizibi tena maji ya mtu, hata sinki la jikoni siku hizi naogopa kulitia kizibo, na sitasimama mbele ya watu kumsimulia mtu aliye hai bila ya kwanza kumwuliza kile kidogo ninachotaka kukifuta.

Kamati haijatoa uamuzi. Kila nikipiga simu baladia, naambiwa karatasi iko kwa mhandisi. Mara mbili mama amemwona Hilal pale ukumbini jioni, peke yake, ameinama kwenye mianya, na hakumsemesha. Kiatu cha kulia kiko juu ya friji ya mama, amekikausha, amekijaza magazeti ndani kisipoteze umbo, na kila Ijumaa anakitia rangi. Nikimwuliza kwa nini anajisumbua na kiatu kimoja, huchovya kitambaa kwenye rangi akaendelea.